USAFI WA CHOO NA BAFU KATIKA NYUMBA MPYA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yamechapwa hapa kwa faida ya wale wasioweza kuhudhuria.)

Kamati iliponitaka nichague jambo la kuzungumza, baadhi ya rafiki zangu walinishauri nichague jambo kubwa, kama vile elimu au mishahara. Mimi nimechagua choo. Najua kuwa jina hilo halitajwi sana mbele ya watu wenye adabu, na wazee wetu walilifunika kwa maneno ya upole: walisema haja, walisema msalani, walisema uani. Adabu hiyo ni njema, wala sitaki kuivunja. Walakini jambo lisilotajwa ni vigumu kulitunza, na wengi wetu tuliomo humu ama tumekwisha kuhamia katika nyumba mpya, ama twajenga kidogo kidogo kwa akiba na mkopo huko Bunju, Mabwepande, Mbagala, Chamazi na Toangoma. Basi naomba ruhusa yenu niseme wazi kwa muda mfupi.

Nchi yetu imekwisha kuona faida ya kusema wazi. Mwaka 1973 ulitolewa mwito wa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kando ya redio, wakasikiliza mafundisho, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakuona haya kulitaja jambo lenyewe, na kwa hiyo waliweza kulitengeneza.

Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: choo hakiishii mlangoni. Ndani ya mlango mna sehemu iionekanayo, yaani sakafu, marumaru, sinki, bomba na dirisha. Nje ya mlango, chini ya ardhi, mna sehemu isiyoonekana, yaani mabomba, chemba na shimo. Ile ya kwanza ikichafuka twaona haya mbele ya wageni. Ile ya pili ikiharibika watu huugua, na pengine wa kwanza kuugua si mwenye choo bali ni jirani yake. Nasi, ndugu zangu, desturi yetu ni kutumia fedha nyingi kwa ile ya kwanza na kuisahau ya pili.

Nianze na siku za kuhamia. Nyumba mpya hudanganya, maana kila kitu chang'aa. Kabla ya kumlipa fundi fedha yake ya mwisho, fanyeni majaribio matano yasiyohitaji elimu ya ufundi.

Kwanza, chukua ndoo ya maji ukaimwage sakafuni katika pembe iliyo mbali na tundu. Yapasa maji yote yaende tunduni yenyewe. Mafundi wazuri hutoa mwinamo wa sentimita 2 hivi kwa kila mita moja. Likibaki dimbwi, mwambie fundi arekebishe siku hiyo hiyo, kwani usipofanya hivyo utakuwa ukifagia maji kila siku ya maisha yako.

Pili, tazama shingo ya sinki la choo. Yale maji yasimamayo pale hayakusahauliwa, ni mfuniko. Ndiyo yanayozuia harufu na mende kupanda kutoka shimoni. Nyumba ikikaa bila watu kwa majuma kadhaa maji hayo hukauka, na mwenyewe akirudi hushangaa kwa uvundo. Dawa yake ni kopo moja la maji. Tundu la sakafu ya bafu nalo lataka shingo ya namna hiyo. Wengi hulikosa, wakaulaumu usafi kwa kosa la bomba.

Tatu, fungua dirisha. Dirisha la bafu lisilofunguka kwenda nje, au linalofungukia chumba kingine, halifai. Mvuke ukikosa njia, ukungu mweusi huota katika dari na katika maungio ya marumaru, wala hakuna sabuni itakayoushinda maadamu hewa haipiti.

Nne, mtake fundi akuonyeshe kila chemba na kila mfuniko wa shimo, nawe uchore ramani ndogo ukaiweke pamoja na hati ya kiwanja. Wako watu waliosakafu ua wao kwa matofali mazuri ya saruji wakafunika kila kitu. Siku shimo lilipojaa ikawabidi kuvunja uwanja kwa sururu, tena kwa kubahatisha.

Tano, tazama kama bomba la kutoa hewa ya shimo limepanda juu kupita paa, na kama mdomo wake umefungwa kwa wavu wa kuzuia mbu.

Sasa nije kwenye usafi wa kila siku. Kazi hii haizidi dakika 10, ikiwa hufanywa kila siku. Ikiachwa hata Jumamosi huwa saa nzima, na ikiachwa hata aje mgeni huwa vita. Vyombo vyake ni vichache: brashi ya choo, ufagio, ndoo, vitambaa viwili vya rangi mbalimbali, na kandambili zisizotoka bafuni. Kitambaa cha beseni la kunawia kisiguse sinki la choo, wala cha choo kisiguse beseni. Hiyo ndiyo sababu ya rangi mbili.

Tena iko taratibu. Anza juu ushuke chini. Anza palipo safi uende palipo pachafu. Futa kioo, kisha beseni, kisha bomba na kitasa cha mlango, kisha sinki la choo, na mwisho sakafu. Msisahau kitasa na kishikio cha bomba, kwa sababu mkono huvigusa kabla haujanawa. Mtu aweza kusugua sakafu hata ikang'aa kama sahani, akaacha kitasa kikiwagawia watoto wake maradhi.

Sabuni na maji hutangulia, dawa hufuata. Dawa ya klorini ikimwagwa juu ya uchafu nguvu yake huishia katika uchafu ule. Kwa siku za kawaida sabuni yatosha. Akiwapo mgonjwa wa kuhara, tumia dawa. Soma karatasi iliyobandikwa chupani: ikiwa nguvu yake ni asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Ikiwa ni asilimia 5, kipimo 1 kwa vipimo 9. Paka, ngoja dakika 10, kisha suuza. Mchanganyiko wa jana usiutegemee leo, maana nguvu zake hupungua.

Hapa naomba mnisikilize sana. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na tindikali ya kusafishia choo, wala na dawa yenye amonia. Watu hudhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Sivyo. Klorini na tindikali zikikutana hutoa hewa ya sumu, na hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa kuua askari vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Askari wale walikuwa katika uwanja wa wazi. Sembuse mama au mtumishi wa nyumbani aliyejifungia katika chumba cha mita mbili kwa mita moja na nusu? Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na dirisha liwe wazi.

Wengi wetu katika sehemu za pembeni twatumia maji ya kisima, nayo mara nyingi yana chumvi. Chumvi hiyo huacha utando mweupe juu ya marumaru, bomba na matundu ya bafu la mvua. Usikimbilie tindikali, kwani huila saruji iliyo kati ya marumaru, na saruji ikiisha maji huingia ukutani. Paka siki au limau, ngoja kidogo, sugua, suuza. Lililo bora zaidi ni kuzuia: mtu amalizapo kuoga akaushe ukuta na sakafu kwa mpira wa kusukumia maji. Maji yasipokauka juu ya ukuta hayaachi chumvi, wala ukungu haupati pa kuota.

Baada ya usafi iko hifadhi, nayo ni jambo jingine. Bomba lidondokalo tone moja kwa kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Asiyesadiki na aweke ndoo chini yake usiku kucha, asubuhi ataona fedha yake imelala ndani. Mara nyingi ugonjwa ni mpira mdogo uliochakaa, ambao bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini. Tangi la choo nalo huvuja kwa siri. Mimina ndani yake chai ya rangi iliyokolea, usilitumie kwa nusu saa. Ukiona rangi imeshuka katika sinki, ujue maji yapita bila kazi. Kwa nyumba nzima, soma mita ya maji wakati wa kulala na usome tena alfajiri kabla ya mtu kufungua bomba. Tarakimu zikiwa zimesogea, liko tundu mahali.

Sasa tutoke nje ya mlango. Katika jiji la Dar es Salaam mabomba ya maji machafu ya DAWASA huhudumia sehemu ndogo tu, hasa katikati ya mji. Nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke, tena karibu zote za pembeni, hutegemea shimo. Penye mashimo mawili kazi yake ni hii: katika la kwanza uchafu mzito hutuama chini na mafuta huelea juu, maji ya katikati huhamia shimo la pili, na huko hunywewa na ardhi. La kwanza likijaa tope, tope huvuka kwenda la pili likaziba ardhi, na ardhi iliyozibwa hivyo ni shida kubwa kuifungua. Kwa hiyo shimo la kwanza halingojewi hata lifurike. Wengi huhitaji kulinyonya kila baada ya miaka 3 hata 5, kwa kadiri ya watu waliomo. Shimo hujulisha hali yake mapema: maji huenda polepole, sinki hukoroma, harufu huja jioni, na majani hustawi mahali pamoja kuliko pengine uani.

Msitie shimoni pedi, nepi, vitambaa, mafuta ya kupikia wala mchanga. Wekeni bafuni ndoo yenye mfuniko kwa ajili hiyo, na pasiwe na aibu kwa binti au mama kuitumia. Wala mtu asishuke shimoni kwa sababu yoyote ile, hata kama ni kuokoa simu iliyoanguka. Mna hewa iuayo, na wako walioshuka kumwokoa mwenzao wakafa pamoja naye. Mfuniko uwe mzito, usio na ufa, mtoto asiweze kuusukuma.

Wakati mzuri wa kuita gari la kunyonya ni Januari na Februari, kabla ya masika. Barabara zetu za udongo hupitika, na maji ya ardhini yako chini. Gari hilo hupeleka uchafu katika mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti. Lakini sote twajua ile desturi nyingine. Mvua kubwa ishukapo usiku, mtu hutoboa shimo lake au hufungua mfuniko, akaacha uchafu uende na maji ya mvua. Watu wa mjini huita kutapisha choo. Aliyetapisha hulala akijiona mwerevu, kwa kuwa hakulipa kitu. Wanaolipa ni wengine.

Tazameni hesabu hii, mabwana makarani, maana hesabu ni kazi yetu. Miongozo ya afya hutaka kisima kiwe mbali na shimo la choo kwa mita 30, na chini ya shimo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Sasa chukueni kiwanja cha mita 20 kwa mita 20, ambacho wengi wetu twakiona kuwa cha kutosha. Pimeni kutoka pembe moja hata pembe ya kukabili: hamtapata hata mita 29. Basi katika kiwanja hicho hakuna mahali popote ambapo mtu aweza kuweka shimo na kisima pamoja kwa halali. Na jirani yako je? Akichimba kisima karibu na ukuta wako, shimo lako limekwisha kuwa lake. Kwa hiyo katika mitaa yetu hakuna mtu mwenye choo chake peke yake. Tumo shirika, tupende tusipende.

Mambo haya yalikwisha kuonekana zamani huko London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja mdogo kando ya Broad Street. Daktari John Snow alionyesha kuwa wengi wao walikunywa maji ya pampu moja, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Baadaye shimo la nyumba iliyo karibu lilipofukuliwa, iligunduliwa kuwa matofali yake yamelegea, na kutoka hapo hata kisimani haikutimia mita 1. Katika nyumba ile alikuwamo mtoto mchanga aliyekufa kwa kuhara, na maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa katika shimo lile. Mama yule hakufanya ubaya wowote. Alifua nguo za mwanawe. Ubaya ulikuwa katika shimo ambalo hapana aliyelitazama.

Nasi hatuko mbali na habari hiyo. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka hapa Dar es Salaam, na Kinondoni ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kupatwa. Kisha kikaenea katika mikoa mingi ya Bara, na Zanzibar pia. Wanaokumbuka siku zile watakumbuka jinsi watu walivyoogopa hata maji ya kunawa uso.

Tena wako mbu. Yule mbu aletaye matende na mabusha hupenda sana kuzaa katika mashimo ya choo yenye maji. Huko Makunduchi, Unguja, miaka ya mwisho ya themanini, wataalamu walitia katika mashimo punje nyeupe nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika maji kama blanketi, mbu wakakosa pa kuzalia. Na watu walipopewa dawa pia, maradhi yakapungua sana. Nasi twaweza kuanza na lililo rahisi: mfuniko usio na ufa, na wavu juu ya bomba la hewa.

Yabaki swali moja, nalo ni la nani afanye kazi. Nasikia mwanamume akisema, Kwangu ni pasafi, kwa sababu mke wangu ni hodari. Maneno hayo ni sifa kwa mkewe, lakini kwake mwenyewe si sifa. Anayetumia choo hana budi kujua kukisafisha. Mtoto wa kiume wa miaka kumi apewe brashi kama dada yake. Hatapungukiwa na uanaume. Penye wapangaji wanaotumia choo kimoja, zamu iandikwe na kubandikwa mlangoni, na mwenye nyumba ajitie katika ulezi wa shimo, kwani yeye ndiye apokeaye kodi. Na wenzetu wanaokaa katika maghorofa, kama yale ya Magomeni Kota yaliyofunguliwa mwaka 2022, wakumbuke kuwa sakafu ya bafu la mmoja ni dari ya mwingine.

Mwisho, nataka kuwakumbusha ustadi wenu wenyewe. Karani wa serikali aweza kulipata faili la mwaka juzi kwa dakika mbili. Muulize shimo lake lilinyonywa lini: hajui. Ni nini kizuiacho tusifungue daftari dogo la nyumba? Ukurasa wa kwanza uwe ile ramani ya chemba. Ukurasa wa pili uwe tarehe: siku bomba lilipotengenezwa, siku tangi liliposafishwa, siku shimo liliponyonywa, na gharama yake. Gharama hiyo igawe kwa miezi 36, uweke sehemu yake kila mwezi siku ya mshahara, kabla ya mambo mengine. Gari litakapohitajika, fedha itakuwapo, na mvua ya usiku haitakushawishi.

Naomba pia Kamati ifikirie shauri hili: wanachama wanaokaa mtaa mmoja wapatane kuita gari kwa siku moja, shimo hata shimo, na wale wasio wanachama wakaribishwe. Mwenye kisima aseme kiko wapi, na mwenye shimo aseme liko wapi, na pale yalipo karibu mno watu wa nyumba zote mbili wajue, wasinywe maji yale bila kuyachemsha. Jambo hilo halihitaji ruhusa ya mkubwa yeyote. Lahitaji mtu wa kwanza wa kubisha hodi kwa jirani na kulitaja.

Mwenye swali na aulize, wala asione haya.